Mmetumwa na Nani? Njia Nne za Wakazi wa Vyama Tofauti Kuibana Wadi Yao

Simama katika baraza lolote hapa Kenya uulize kwa nini zahanati ya kijiji imekwama kwenye linta. Jibu la kwanza halitahusu zahanati. Utaulizwa, "Nani amekutuma?" Na anayeuliza si lazima awe mpambe wa mheshimiwa. Mara nyingi ni jirani yako tu, mtu mwema, ambaye tangu aanze kupiga kura hajawahi kumwona mtu akilisemea jambo la wadi bila kambi ya mtu nyuma yake.

Nimekaa katika vikundi vitatu vya wakazi wa vyama mchanganyiko huku Pwani. Viwili vimekufa. Cha tatu kinakohoa lakini kingali hai. Watu wanaotaka kuanzisha chao huniuliza kuhusu usajili: waende ofisi gani, walipe ngapi, katiba ya kikundi iandikwe vipi. Mimi huwarudisha kwenye lile swali la barazani. Kila umbo la kikundi hulijibu kwa namna yake, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuchagulia.

Njia ninazozilinganisha ni nne: kijiwe cha wazi kisichosajiliwa, kikundi cha kijamii kilichosajiliwa, chama cha wakazi chini ya Sheria ya Vyama, na kumsimamisha mgombea huru. Kundi la WhatsApp silihesabu kuwa njia. Ni simu ya kuitana, na siku ya pili mtu atatuma dua, wa pili bango la harambee, wa tatu picha ya mheshimiwa, kisha watu watatukanana hadi usiku wa manane.

Ili ulinganisho usielee hewani, tuchukue mradi mmoja tu, ile zahanati. Fedha zilitengwa, ukuta ukapanda hadi linta, mkandarasi akatoweka na mchanga ukasombwa na mvua. Zahanati ni kazi ya kaunti, si ya mbunge. Nalitaja hili mapema kwa sababu vikundi vingi hufa kwa kugonga mlango usio wao. Chekechea, barabara za vijijini, soko na zahanati ni za kaunti. Shule ya msingi na ya sekondari ni za serikali kuu, na darasa likipakwa rangi mara nyingi ni fedha za NG-CDF, za eneo bunge. Ukimfokea mwakilishi wadi kwa darasa lisilo paa, atakusikiliza kwa furaha na kukuelekeza kwa mbunge, hasa ikiwa wawili hao hawapatani.

Haki ni ya mtu

Jambo hili huwashangaza wengi. Karibu kila kitu unachohitaji ili kuuliza juu ya ile zahanati ni haki yako kama raia mmoja, hata usipokuwa na kikundi. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kukujibu, na ikinyamaza unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo watu huiita Ombudsman. Ibara ya 37 inakuruhusu kukusanyika na kuwasilisha ombi kwa mamlaka. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kupeleka ombi katika bunge la kaunti. Hakuna hata moja kati ya hizi inayodai cheti cha usajili.

Kwa hiyo usajili haukupi sauti. Unakupa akaunti ya benki, barua yenye kichwa, na nafasi ya kuketi mahali ambapo mtu mmoja mmoja haalikwi. Ni vitu vya maana, ila si vya siku ya kwanza.

Vyama, au kambi?

Watu wakisema kikundi cha vyama mbalimbali hufikiri UDA wawili, ODM wawili, Wiper mmoja, mambo yamekwisha. Katika wadi nyingi hesabu hiyo inadanganya. Kuna maeneo ambako chama kimoja kimetawala kiasi kwamba uchaguzi wa kweli ni ule wa mchujo. Huko mpasuko uko ndani ya chama chenyewe, kati ya aliyepata tiketi na aliyenyimwa. Kwingine chama ni nguo tu juu ya ukoo, au juu ya mgawanyiko wa wa juu mlimani na wa chini baharini. Na viongozi wa juu wakipeana mikono, kama Uhuru na Raila Machi 2018, au UDA na ODM walipotia saini makubaliano yao Machi 2025, huku chini watu hujikuta chama kimoja na maadui zao wa jana bila ya uadui kupungua hata kidogo.

Kwa hiyo swali la kuwapima wanachama wako liwe hili: je, ndani yenu yumo mtu aliyempigia kampeni mheshimiwa aliyeko, na yumo aliyempigia yule aliyeshindwa? Wote wawili wakiweka saini chini ya barua moja, ndipo mnapokuwa na kitu.

Mnamo Juni 2024 vijana walijaza barabara kupinga Mswada wa Fedha wakisema hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama. Mjini, mbele ya kamera, kauli ile ilikuwa na nguvu ya ajabu, na rais alikataa kuutia saini mswada siku moja baada ya bunge kuvamiwa. Lakini katika wadi ambayo kila mtu anajua ulivaa kofia ya nani 2022, ukisema huna chama utachekwa. Afadhali useme, "Mimi ni wa huku, huyu ni wa kule, na zahanati ni yetu sote." Uongo wa kutokuwa na upande huvunja kikundi haraka kuliko upande wenyewe.

Kijiwe cha wazi

Mfano unaojulikana zaidi ni Bunge la Mwananchi katika bustani ya Jeevanjee, Nairobi, ambako tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wamekuwa wakikaa kwenye viti vya bustani na kujadili nchi kana kwamba ni bunge. Bustani yenyewe nusura itoweke. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kuijenga, na Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee aliyeitoa kwa umma, akaongoza upinzani hadi ukaachwa. Naipenda historia hiyo kwa sababu watu wanaozungumza siasa pale wanakalia kiti ambacho wengine walikipigania.

Kijiwe hakihitaji pesa. Kinahitaji mahali, siku na saa isiyobadilika. Pwani tayari tunazo baraza za nyumba na za misikiti ambako wazee hukaa baada ya alasiri, kazi yako ni kuongeza ajenda. Mkitoka barazani na kufanya mkutano wa hadhara uwanjani, Sheria ya Utulivu wa Umma (Public Order Act) inataka polisi waarifiwe siku tatu kabla, na si zaidi ya siku 14. Ni arifa hiyo, si ombi la kibali, ijapokuwa utakutana na maafisa wasiokubaliana na tofauti hiyo. Piga nakala na uigongeshe muhuri.

Kwa swali la "mmetumwa na nani" kijiwe kinajibu vizuri kuliko njia zote. Hakuna mwenyekiti wa kununuliwa, hakuna hazina ya kutiliwa shaka, na kila mtu anaona nani amekuja.

Udhaifu wake ni kumbukumbu. Kijiwe kinakumbuka malalamiko na kusahau tarehe. Zahanati yetu itajadiliwa Jumamosi kumi mfululizo, kila mtu atasema lake, na hakuna atakayekuwa na nakala ya mkataba. Tena kijiwe hugeuka cha wanaume, na cha wenye nafasi. Mama karanga anayekaanga samaki saa kumi na moja jioni hawezi kuja, naye ndiye aliyembeba mtoto mwenye homa kilomita saba hadi zahanati ya kata nyingine. Mkikutana saa ambayo yeye yuko jikoni, mmekwisha kuchagua nani asisikike.

Kikundi cha kijamii kilichosajiliwa

Hii ndiyo njia wanayoikimbilia wengi, na ndiyo iliyoniumiza zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 imeweka utaratibu: wanachama wasiopungua kumi, katiba, kumbukumbu za mkutano wa kwanza, orodha ya viongozi, kisha ofisi ya maendeleo ya jamii. Si kazi ngumu. Ukiwa na karatasi kamili na subira ya foleni utapata cheti.

Faida ya kwanza ni benki. Kikundi changu cha kwanza kilikufa kwa simu ya mweka hazina. Tulikuwa tukichanga shilingi mia kila mwezi, zote zikiingia katika M-Pesa yake binafsi, na siku mtoto wake alipolazwa hospitali alizitumia. Nani angemlaumu? Hakuna aliyemlaumu waziwazi, na hakuna aliyerudi mkutanoni. Akaunti yenye watia saini watatu, kutoka kambi tatu, ingemwokoa yeye na sisi. Vyama vya kina mama vya kuchangiana kila mwezi vinalijua hili tangu zamani: zamu inajulikana, daftari liko wazi, na anayepokea anapokea mbele ya wote. Inachekesha kwamba neno ni lile lile, chama, na chama cha sufuria kinaendeshwa kwa uwazi kuliko chama kinachoomba kura.

Faida ya pili haijulikani sana. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 137, inaitaka kila kaunti iwe na jukwaa la bajeti na uchumi. Gavana ndiye mwenyekiti, mawaziri wake wa kaunti wamo, na kando yao wanakaa watu wasio watumishi wa umma, idadi ileile, waliopendekezwa na mashirika ya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na dini. Mtu hapendekezwi na kijiwe. Kikundi cha wadi chenye cheti kikijiunga na wenzake wa wadi nyingine kinaweza kudai sauti katika upendekezaji huo, na pale ndipo mambo huzungumzwa kabla hayajaganda.

Sasa hasara. Katika mawazo ya watu wa wadi, kikundi kilichosajiliwa ni chombo cha kupokea. Vikundi husajiliwa ili vipate mkopo wa Uwezo, au wa Hazina ya Wanawake, au msaada wa NGAAF, mfuko wa serikali kuu wa makundi yaliyoachwa nyuma, kupitia mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Hakuna ubaya. Ila ukishatundika cheti ukutani, wanachama wako wenyewe watauliza lini kitu kitakuja. Na kitu kitakuja. Katika kikundi changu cha pili kilikuja kwa jina la hema moja, viti mia vya plastiki na sufuria nne kubwa, vikiletwa na pikapu yenye picha ya mheshimiwa mlangoni.

Tulijadili saa tatu. Waliotaka kupokea walikuwa na hoja: ni fedha zetu za kodi, viti vitakodishwa, kikundi kitapata mapato, tukikataa watapewa wengine. Tulipokea. Mwezi uliofuata tuliandika barua kuhusu barabara na mtu akaandika katika kundi la simu, "Jamani, tusiwe watovu wa shukrani." Barua haikutumwa. Kikundi hakikuvunjika kwa jina, lakini kazi yake ya kuuliza ilikufa; kimebaki kikikodisha viti hadi leo, na nasikia biashara si mbaya.

Mla nawe hafi nawe, lakini hema linakaa. Kwa hiyo ukichagua njia hii, andika katika katiba ya kikundi, kabla ya kusajili, kwamba hakipokei kitu chochote kutoka kwa mwenye cheo cha kuchaguliwa wala anayekitafuta, na kwamba kiongozi wa kikundi akitangaza kugombea anajiuzulu siku hiyo hiyo. Kipengele hicho kiandike mapema, wakati hakuna hema mlangoni. Baadaye hakitapita.

Kuna wanaouliza kuhusu kupanda ngazi zaidi na kuwa shirika la manufaa ya umma, chini ya sheria ya 2013 iliyoanza kutumika rasmi Mei 2024. Kwa wadi moja ni koti la mtu mzima juu ya mtoto. Linaweza kufaa mkiwa mtandao wa kaunti nzima na mna wafadhili. Kumbukeni tu kwamba sheria hiyo inakataza kumpigia kampeni mgombea au chama, na kwamba neno "wafadhili" ni jibu baya sana kwa swali la nani kawatuma.

Chama cha wakazi

Nitapita upesi hapa. Sheria ya Vyama, Sura ya 108, ndiyo inayosajili vyama vya wakazi, na makanisa vilevile. Msajili hutaka ripoti za kila mwaka, na chama kilichotulia kinaweza kukodisha wakili na kwenda mahakamani, kitu ambacho kijiwe hakiwezi. Chama cha Karen na Langata, Karengata, kipo tangu 1940. Ukikaa mtaa wenye lango, mlinzi na ada ya kila mwezi, njia hii inakufaa na pengine tayari unayo.

Tatizo ni kwamba huvuka vyama vya siasa na kukwama kwenye hati ya shamba. Wenye nyumba wa UDA na wenye nyumba wa ODM hupatana kwa urahisi kuhusu taka, maji na taa za mulika mwizi. Mpangaji wa chumba kimoja, ambaye katika wadi nyingi za mijini ndiye wengi, haalikwi, au anaalikwa kusikiliza. Na zahanati ya umma? Wengi wa wenye lango hawaitumii.

Mgombea huru

Hapa ndipo damu inapochemka. Mmechoka na barua, mwalimu mmoja mwadilifu yupo, kwa nini msimchague yeye?

Watu waliosoma habari za nje huleta mfano wa Frome, mji mdogo wa Somerset huko Uingereza. Mwaka 2011 wakazi waliojiunga chini ya jina moja bila chama cha kitaifa walichukua viti 10 kati ya 17 vya baraza la mji, na 2015 wakachukua vyote 17. Mfano unavutia, lakini hauwezi kuhamishwa kama ulivyo. Ibara ya 91 ya Katiba yetu inakataza chama cha siasa kilichojengwa juu ya eneo, na Sheria ya Vyama vya Kisiasa inataka wanachama elfu moja katika kila kaunti kwa zaidi ya nusu ya kaunti 47. Katazo lile limewekwa kwa sababu inayoeleweka na kila aliyeishi ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008. Matokeo yake ni kwamba chama cha wadi hakiwezekani. Kinachobaki ni mtu mmoja mmoja.

Mgombea huru wa uwakilishi wadi anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, pigeni hesabu wenyewe. Na kila mtu aangalie kwanza kama yeye ni mwanachama wa chama bila kujua. Juni 2021 Wakenya walipopewa njia ya kujikagua mtandaoni, watu chungu nzima walijikuta wamesajiliwa katika vyama ambavyo hawajawahi kukanyaga ofisi zake.

Sahihi 500 zinapatikana. Gharama iko mbele: nauli, mawakala katika kila kituo cha kura, fulana, chai. Kisha mtu wenu anashinda, tuseme, na kuingia bunge la kaunti peke yake. Kamati hugawanywa kwa mizani ya vyama, kiranja hamtafuti, na hoja yake ya zahanati inahitaji kura za watu wasiomdai lolote. Akijiunga na chama ili apate nguvu anapoteza kiti, kwa Ibara ya 194. Huru wengi hukaa karibu na upande wa gavana bila kujiunga, na wapiga kura wao huona wamesalitiwa hata pale ambapo zahanati imekamilika.

Msomaji wa Tanzania hana hata mlango huu. Mchungaji Mtikila alishinda kesi yake ya kudai mgombea huru katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2013, lakini hadi uchaguzi wa 2025 kila mgombea alipitia chama. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake, ndio uwanja wake, na kwa kweli ni uwanja ambao sisi wa Kenya hatuna.

Je, njia hii ni mbaya? Si mbaya. Kosa ni kuifanya kwa kikundi kile kile kilichokuwa kikikagua miradi. Siku mtakapomtangaza mgombea, barua zote mlizowahi kuandika zitasomwa upya kama kampeni. Anayetaka kumpigania mwalimu atoke, aende akampiganie kwa moyo wote, na faili libaki nyuma na wasiogombea.

Kalenda haijali umbo lenu

Njia yoyote mtakayochagua, kuna tarehe ambazo zina uzito kuliko cheti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa sera ya fedha wa kaunti ni mwisho wa Februari. Makadirio ya bajeti ni tarehe 30 Aprili, na bajeti hupitishwa kufikia 30 Juni. Kikundi kinachojitokeza Juni na bango la zahanati kimefika harusini wakati wa kuosha sufuria. Kama zahanati haimo katika mpango wa Septemba, Juni mtaonewa huruma tu.

Kijiwe huwa hakina habari na tarehe hizi. Kikundi kilichosajiliwa huzijua kwa sababu kinapata barua, lakini mwaliko wa ushirikishaji wa umma hufika jioni kwa mkutano wa kesho, na waraka wa kurasa mia mbili hugawiwa mlangoni pamoja na soda. Atakayefaidi ni aliyekwisha kujua anatafuta ukurasa upi.

Tulijifunza hili Pwani zamani. Katika miaka ya 2000, Muhuri, shirika la haki za binadamu la Mombasa, iliwafunza wakazi wa Changamwe kukagua miradi ya fedha za eneo bunge: kuchukua kumbukumbu za mradi, kwenda uwanjani, kulinganisha kilichoandikwa na kilichojengwa, kisha kusoma matokeo mbele ya umma. Mbinu waliichukua kwa wakulima na vibarua wa Rajasthan, India, ambao shirika lao la MKSS lilikuwa likisoma hadharani orodha za malipo tangu miaka ya 1990, na marehemu wakisikika wakitajwa miongoni mwa waliolipwa. Mwenye futi ya kupimia na nakala ya BQ, ile orodha ya vifaa na gharama za ujenzi, haulizwi sana ametumwa na nani, kwa sababu ukuta una urefu ule ule kwa UDA na kwa ODM.

Ningechagua ipi

Kwa wadi ya kawaida, ya mashambani au ya mtaa wa wapangaji, ningeanza bila cheti. Watu kumi au kumi na wawili, kutoka kambi mbili kwa uchache, wanaume na wanawake kwa idadi inayokaribiana, na saa ya kukutana iliyochaguliwa na mwenye kazi nyingi kuliko wote. Mradi mmoja tu. Faili moja, na nakala ya pili katika nyumba ya mtu wa kambi nyingine. Hakuna mchango wa fedha kwa miezi sita ya kwanza, kila mtu ajilipie nauli. Mkiona mnahitaji pesa au kiti katika jukwaa la kaunti, hapo nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii mkiwa na kile kipengele cha hema. Mkiwa mtaa wenye lango na ada, tumieni chama cha wakazi lakini badilisheni katiba yake wapangaji wapige kura. Mkiwa mnataka kiti cha uwakilishi wadi, fanyeni hivyo waziwazi, nje ya kikundi, na msijifiche nyuma ya neno jamii.

Atakayeniambia kwamba kikundi bila cheti hakitaheshimiwa ofisini, ana haki kidogo. Karani wa mapokezi hupenda kichwa cha barua. Lakini barua yenye majina mawili ya watu wanaojulikana kuwa mahasimu, pamoja na namba zao za vitambulisho, husomwa upesi kuliko unavyodhani, kwa kuwa husomwa kwa hofu.

Kikundi changu cha tatu kilianza hivyo. Mwalimu mstaafu aliyempigia kampeni mheshimiwa, mama karanga aliyempigia mpinzani wake, na sisi wengine tisa. Barua ya kwanza mwalimu alitaka ianze na salamu ndefu za heshima, mama karanga akasema iandikwe namba ya mradi kwanza, salamu zitafuata. Waliiweka saini wote wawili, wakaipeleka wote wawili, nakala yetu ikagongwa muhuri Jumanne na tukaanza kuhesabu siku 21.

Siku ya 19 simu ya mwalimu ililia. Aliyepiga hakusalimu. Aliuliza tumetumwa na nani. Mwalimu akamgeukia mama karanga, akampa simu, naye akafuta mikono kwenye leso na kumsomea yule mtu namba ya mradi, taratibu, mara mbili, ili aiandike.